Dar es Salaam hadi London: Hesabu ya Safari Ianzie Mlangoni Kwako

Kutoka Dar es Salaam hadi London ni saa ngapi kwa ndege? Waulize watu watatu waliowahi kwenda. Wa kwanza atakwambia saa kumi na kidogo, wa pili atasema kumi na sita, wa tatu ataapa kwamba alitumia zaidi ya siku nzima. Usimwite yeyote kati yao mwongo. Wa kwanza amehesabu muda wa kuwa hewani kwa njia fupi. Wa pili ameongeza muda wa kusubiri ndege ya pili. Wa tatu ameanza kuhesabu alipofunga mlango wa nyumba yake Mbezi na kuacha alipogonga mlango wa mwenyeji wake Leicester.

Anayepanga safari anahitaji hesabu ya huyo wa tatu. Ndiyo itakayokuonyesha siku ya kuomba ruhusa kazini, saa ya mwenyeji kuja kukupokea na nauli ipi ni nafuu kweli. Bahati mbaya matangazo ya nauli hayakupi hesabu hiyo, hivyo itakubidi uipige mwenyewe. Si ngumu.

Anza na kilomita

Umbali wa mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Heathrow ni kilomita 7,500 hivi. Ukitaka kuuona mstari huo, usitumie ramani ya ukutani, kwa sababu karatasi bapa hupotosha maumbo ya nchi. Tafuta tufe la dunia kama lile la shuleni, shika uzi, bana ncha moja Dar es Salaam na nyingine London, kisha uukaze. Uzi utapita Kenya, Sudan Kusini, Sudan na Libya, uvuke Bahari ya Mediterania, upite Italia na Ufaransa ndipo ufike Uingereza. Utaona pia kwamba Nairobi iko karibu kabisa na uzi huo. Ukipitia Nairobi huongezi umbali wowote wa kutajika.

Ndege kubwa za abiria zikishatulia angani hukimbia takribani kilomita 900 kwa saa. Lakini muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa kule iendako. Ndani yake mna kusubiri zamu ya kuruka, kupanda taratibu, kushuka taratibu, na pengine kuzunguka juu ya London mpaka njia ya kutua iwe wazi. Kwa hiyo shika kanuni hii: gawa kilomita kwa 850, kisha ongeza saa moja. Nairobi hadi London ni kilomita 6,840, na jibu linakuja saa 9. Doha hadi London ni kilomita 5,240, jibu ni saa 7 na dakika kumi hivi. Nairobi hadi New York ni kilomita 11,840, nayo inakuja karibu saa 15, muda uleule uliotangazwa Kenya Airways ilipoanzisha safari hiyo isiyotua njiani mwezi Oktoba 2018. Kanuni hii haishindi ratiba halisi, lakini inatosha kukustua ukipewa muda usioingia akilini.

Kuna jambo jingine ambalo uzi hauwezi kukuonyesha. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na mashirika mengi yalikuwa yakiikwepa anga ya Libya kwa miaka mingi kabla ya hapo. Nchi hizo mbili ziko katikati kabisa ya njia fupi ya kutoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya. Ndege inayolazimika kuzizunguka huongeza kilomita na mafuta. Ndiyo maana muda wa mwaka huu unaweza kupishana na ule aliokwambia mjomba aliyesafiri miaka kumi iliyopita, ingawa miji ni ileile.

Utaunganisha wapi?

Wengi wanaotoka Dar es Salaam kwenda London hubadilisha ndege njiani. Hapo ndipo safari hurefuka au hufupika kuliko mahali pengine popote. Tazama jumla ya umbali kwa kila njia. Kupitia Nairobi ni kilomita 7,510. Kupitia Addis Ababa ni 7,680, Amsterdam 7,715 na Istanbul 7,950. Kupitia Doha ni 9,060, na Dubai ni 9,475.

Njia za Ghuba ni ndefu kwa sababu unakwenda kaskazini mashariki kwanza, halafu unarudi magharibi. Doha inakuongezea kilomita 1,550 juu ya mstari ulionyooka, na Dubai karibu 2,000. Kwa ndege hiyo ni kama saa mbili zaidi hewani, ukiacha muda wa kutua na kuruka tena. Hata hivyo Ghuba ina mvuto wake. Ndege ni nyingi, nauli mara nyingi hushuka, na wapo wanaotaka kusimama siku mbili Dubai kununua bidhaa au kupitia Muscat kuwasalimu jamaa. Ukiwa na sababu ya namna hiyo, saa mbili si hasara. Ukiwa huna, jua unalipa kwa muda wako.

Lakini usichague njia kwa kilomita peke yake. Njia ya Addis Ababa ni fupi kuliko ya Doha kwa kilomita zaidi ya 1,300, ila ukipangiwa kusubiri Addis saa tisa na Doha saa tatu, wa Doha atafika kabla yako. Kilomita zinapima ndege, nawe abiria unapimwa pia na kiti cha kusubiria. Kwa hiyo ukiletewa nauli mbili, uliza mambo matatu: nitakuwa hewani saa ngapi, nitasubiri saa ngapi, na ndege inatua wapi njiani? Swali la mwisho lina maana hata kwa safari inayoitwa ya moja kwa moja, kwa sababu ndege inaweza kutua Kilimanjaro au Zanzibar kushusha na kupakia watu huku wewe umebaki kwenye kiti chako. Hubadilishi ndege, lakini saa zinakwenda.

Muda mzuri wa kuunganisha ni kati ya saa mbili na nne. Chini ya saa moja na nusu, ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu utajikuta unakimbia kwenye korido ndefu, na hata ukiwahi wewe, begi lako linaweza lisiwahi. Ukizidisha saa sita, anza kufikiria chakula, mahali pa kulala, na kama pasipoti yako inakuruhusu kutoka nje ya uwanja.

Weka saa moja tu

Saa zote kwenye tiketi ni saa za mahali ndege ilipo. Saa ya kuondoka Dar es Salaam ni ya Dar es Salaam, na saa ya kufika London ni ya London. Ukitoa moja kwa nyingine bila kuzilinganisha, utapata jibu la uongo.

Tanzania na Kenya ziko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich mwaka mzima. Addis Ababa, Doha na Istanbul zina saa sawa na yetu. Dubai na Muscat ziko saa moja mbele yetu. London hubadilika: Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha nyuma. Hivyo wakati wa baridi sisi tuko mbele yao kwa saa tatu, na wakati wa joto kwa saa mbili. Ukisafiri karibu na tarehe hizo, hakikisha upya saa ya kupokelewa.

Chukua mfano wa ratiba ya Januari. Tiketi inasema ndege inaondoka Dar es Salaam 17:00 na kufika Doha 23:00. Ndege ya pili inaondoka Doha 02:00 na kufika London 06:15. Kwa macho, kutoka 17:00 hadi 06:15 ni saa 13 na robo. Sasa igeuze saa ya London iwe ya Dar: ongeza tatu, unapata 09:15, yaani saa tatu na robo asubuhi. Kumbe kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa tatu na robo asubuhi ni saa 16 na robo. Kati ya hizo, saa 13 na robo ni za hewani na tatu ni za kusubiri Doha.

Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Tuseme safari nzima inachukua saa zilezile 16 na robo. Ukiondoka London saa mbili usiku, utafika Dar es Salaam kesho yake saa tisa na robo alasiri, na tiketi itaonekana kana kwamba umesafiri saa 19 na robo. Ndiyo sababu watu hulalamika kwamba kurudi ni kurefu kuliko kwenda. Kwa kweli kipande cha London hadi Doha huwa kifupi kidogo wakati wa kurudi, kwa kuwa pepo za juu katika maeneo hayo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kuisukuma ndege kwa nyuma.

Tarehe ya usiku wa manane

Kosa linaloangusha wasafiri wetu wengi halihusu kilomita wala pepo. Linatokana na namna tunavyosoma saa na siku. Tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi huhesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Ukiona 16:30, hiyo ni saa kumi na nusu jioni. Ukiona 03:00, hiyo ni saa tisa usiku. Mpaka hapo wengi wako sawa.

Tabu iko kwenye tarehe. Tiketi imeandikwa 12 Agosti, 00:40. Familia inajua mtoto anasafiri tarehe 12 usiku. Tarehe 12 inashinda watu wakipika na kuaga, na baada ya isha gari linaelekea uwanjani na mabegi mawili. Dirishani wanaambiwa ndege imeondoka tangu jana yake usiku. Wala hakuna aliyezembea. Saa 00:40 ya tarehe 12 ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo msafiri alipaswa kuwa uwanjani tarehe 11 kuanzia saa tatu na nusu usiku.

Dawa yake ni kuandika upya. Ukipata tiketi yoyote yenye saa kati ya 00:00 na 05:59, chukua kalamu uandike kwa Kiswahili: "Natoka nyumbani Jumanne tarehe 11, saa mbili usiku." Wape wote wanaokusindikiza maneno hayo badala ya tarehe ya tiketi. Mwenyeji wako London naye mwandikie siku na saa ya kufika kwa saa za huko. Alama ya +1 kando ya saa ya kufika maana yake ni siku inayofuata, usiiruke.

Hesabu ya ardhini

Turudi kwa yule msafiri wa Mbezi na ratiba yetu ya Januari. Ndege inaondoka saa kumi na moja jioni. Kwa safari ya kimataifa anatakiwa awe Jengo la Tatu la Abiria saa tatu kabla, yaani saa nane mchana, na madirisha ya kukabidhi mizigo kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya kuruka. Kwa foleni za Dar es Salaam, anaondoka nyumbani saa sita mchana. Anatua Heathrow saa tatu na robo asubuhi kwa saa zetu. Foleni ya uhamiaji na kusubiri begi zinamla saa moja na nusu. Anasubiri basi dakika arobaini na tano, na basi hadi Leicester linachukua kama saa tatu. Anagonga mlango saa nane na nusu mchana kwa saa za nyumbani, baada ya saa 26 na nusu. Katika hizo, alizokuwa hewani ni 13 na robo. Nusu ya safari yake ilikuwa ardhini.

Ukiiona hesabu hii, utajua pa kuokoa muda. Kubadilisha shirika la ndege ili kupunguza dakika 40 hewani hakukusaidii kama unatua mahali pabaya. London ina viwanja kadhaa, na tiketi inayosema London inaweza kuwa ya Heathrow magharibi, Gatwick kusini au Stansted kaskazini mashariki. Anayekwenda Reading, Heathrow inamfaa, kwani basi huchukua saa moja hivi. Gatwick ina treni inayofika kituo cha Victoria kwa nusu saa. Baya kuliko yote ni kutua Heathrow na kuunganisha ndege nyingine kutoka Gatwick. Viwanja hivyo vimeachana kwa zaidi ya kilomita 60 za barabara, na itakubidi upite uhamiaji, kwa hiyo lazima uwe na viza ya kuingia nchini. Soma herufi tatu za uwanja kabla ya kulipa: LHR ni Heathrow, LGW ni Gatwick, STN ni Stansted.

Wa mikoani waongeze kipande chao. Mkazi wa Arusha au Moshi aangalie kwanza ndege za Kilimanjaro kabla ya kufikiria kuja Dar es Salaam, na wa Unguja aangalie za Zanzibar kabla ya kupanda boti. Anayetoka Mbeya kwa basi alale Dar es Salaam usiku mmoja. Kufika na kuunganisha siku hiyohiyo ni kucheza kamari na nauli ya kimataifa.

Tiketi moja, na haki zako

Wapo wanaonunua tiketi mbili tofauti, moja ya Dar hadi Nairobi na nyingine ya Nairobi hadi London, kwa kuwa jumla yake imepungua kidogo. Rahisi ghali. Kwa tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kukutafutia nafasi nyingine, na kwa kawaida begi huandikiwa mpaka mwisho wa safari. Kwa tiketi mbili, shirika la pili litakuhesabu kuwa hukutokea, na nauli imekwenda. Jioni ya 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na ndege zilizokuwa zikielekea Doha zikageuzwa kwenda viwanja vingine. Jambo kama hilo huwezi kulitabiri, lakini unaweza kuamua mapema ni nani atakayebeba mzigo wake.

Umbali nao una thamani ya fedha. Sheria ya Uingereza inampa fidia abiria anayefika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, na kiasi hupangwa kwa umbali wa mstari ulionyooka. Safari yetu inazidi kilomita 3,500, hivyo iko daraja la juu: pauni 520 ukichelewa zaidi ya saa nne, na nusu yake ukichelewa kati ya saa tatu na nne. Sheria hiyo inakulinda ukiondoka Uingereza kwa shirika lolote, au ukienda Uingereza kwa shirika la Uingereza au la Umoja wa Ulaya. Ukitoka Dar es Salaam kwa shirika la Ghuba, haikuhusu wakati wa kwenda. Hali mbaya ya hewa na kufungwa kwa anga havilipiwi fidia, ingawa chakula na malazi unastahili kupewa. Tunza pasi ya kupandia ndege na risiti zote mpaka ufike.

Mwili nao una ratiba

Kwa kuwa tunasafiri zaidi kuelekea kaskazini kuliko magharibi, tofauti ya saa mbili au tatu haiuchanganyi mwili sana. Anayekwenda New York anapishana na nyumbani kwa saa saba au nane na anaweza kuhangaika na usingizi kwa siku kadhaa. Wa London atachoka kwa kukosa kulala tu. Ndani ya ndege kunywa maji mara kwa mara, inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili ili damu isigande miguuni, na koti liwe kwenye begi la mkononi.

Mwenye dawa za saa maalumu, hasa za kisukari, amuone daktari kabla ya safari ili apangiwe kwa saa zilizopita, siyo kwa saa ya ukutani, na dawa azibebe mkononi. Anayefunga akumbuke kwamba jua la London mwezi Juni huzama baada ya saa tatu usiku, na Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Kama unafika alfajiri, muulize mwenyeji au hoteli chumba kinapatikana saa ngapi, maana hoteli nyingi hufungua vyumba saa nane au tisa mchana. Hakuna sababu ya kulipa zaidi ili uwahi kufika saa kumi na mbili asubuhi, kisha ukae na mabegi barabarani mpaka mchana.

Kwa hiyo kabla hujamkabidhi wakala fedha, chukua karatasi uandike namba nne: saa za hewani, saa za kusubiri, saa za ardhini pande zote mbili, na nauli pamoja na basi au treni ya mwisho. Saa hizo zijumlishe kwa saa za Dar es Salaam, kwa kila njia unayoifikiria. Kama tofauti ya nauli ni ndogo, chukua tiketi moja yenye kituo kimoja cha kuunganisha, kusubiri kwa saa mbili hadi nne, na uwanja ulio karibu na unakokwenda. Kisha andika siku na saa ya kutoka nyumbani kwa Kiswahili, na umpe nakala kila atakayekusindikiza.